KUWEKA JUA AKIBA: SOMO LA JANI LILILOTENGENEZWA NA MWANAKEMIA

Siku moja ya kuandikisha wakulima watakaopata mbolea, mzee mmoja wa skimu yetu alisimama mbele ya meza yangu hata watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Alikuwa amekwisha kutia sahihi, lakini hakuondoka. Akaniambia, "Mwalimu," (wengi huniita hivyo mpaka leo, ingawa chaki niliiacha kitambo nikashika kalamu ya karani) "mafuta ya taa nikiyanunua leo, hata mwezi ujao nitayakuta ndani ya chupa. Mahindi nikiyavuna, nayala mpaka msimu mwingine. Mbona jua peke yake ndilo lisilowekeka? Mchana linatuchoma mgongo, na usiku taa yangu ya sola inazima saa tatu."

Nilimjibu kwamba betri yake imezeeka, na hilo ni kweli. Lakini alipokwisha kwenda niliona nimemjibu kama karani, sikumjibu kama mwalimu. Swali lake ni kubwa kuliko betri. Wataalamu wa elimu ya kemia wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia moja, na hata mbolea ile aliyokuja kuandikishwa inahusika nalo. Basi somo hili ni jibu langu kwake, na kwako wewe msomaji uliye na eka zako chache na hesabu nyingi za kulipa.

Ghala la jua ulilo nalo tayari

Kwanza yafaa ujue kwamba jua huwekwa akiba kila siku katika shamba lako, wala hapana betri hata moja. Kuni ni jua lililowekwa. Mahindi ghalani ni jua. Maziwa ni jua lililopitia katika nyasi na katika tumbo la ng'ombe. Hata mafuta ya taa na dizeli ya trekta ni jua la zamani sana, lililonaswa na vijimea vya baharini vilivyokufa na kufunikwa chini ya matope kwa mamilioni ya miaka.

Kazi hiyo yote hufanywa na jani. Mizizi huvuta maji kutoka ardhini, na jani lenyewe huvuta hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Jua likipiga, jani huyapasua maji. Maji, kama ulivyofundishwa shuleni au kama mtoto wako anavyofundishwa sasa, yamefanyizwa kwa vitu viwili: haidrojeni na oksijeni. Jani huiachilia oksijeni itoke nje, nasi twaivuta puani. Haidrojeni hulishika, likaiunga na ile hewa ya ukaa, likapata sukari. Kutoka katika sukari hiyo mmea hujenga shina, punje na mti mgumu. Ukichoma kuni, waufungua tena ule muungano, na joto linalotoka ni jua lile lile lililoingia.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu hatutaelewa shida ya wanakemia iko wapi. Katika nchi yetu mita moja ya mraba ya ardhi yaweza kupata kwa siku nzuri nguvu ya jua ya kama uniti 5, uniti zile zile unazonunua za stima. Lita moja ya mafuta ya taa ina nguvu ya kama uniti 10. Kwa hiyo jua linalomwagika juu ya mita moja ya mraba kwa siku mbili tu ni sawa na lita nzima ya mafuta ya taa! Lakini mimea ya shamba, kwa wastani, hushika kama sehemu moja tu katika kila mia ya jua linaloiangukia. Basi mita ile moja itachukua siku 200 kuweka akiba iliyo sawa na lita moja. Simlaumu mmea. Mmea haukuumbwa ututengenezee mafuta, umeumbwa uzae mbegu.

Wanakemia walipoitazama hesabu hiyo, wakauliza: Je, hatuwezi kufanya kazi ya jani kwa mikono yetu, na kuifanya vizuri zaidi?

Mtu wa kwanza kuliuliza swali hilo kwa sauti kubwa alikuwa Giacomo Ciamician, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha Bologna huko Italia. Yeye alizipanga chupa zake za dawa juani kwenye paa la chuo, akangojea aone jua litazigeuza namna gani. Mwaka 1912 alisafiri mpaka New York akatoa hotuba mbele ya wanakemia wenzake. Aliwaambia kwamba makaa ya mawe hayatadumu milele, na kwamba iko siku watu watajua siri ya mimea na kutumia mirija ya kioo badala ya majani, tena katika nchi kavu ambako hakuoti kitu, bila moshi. Wakati ule makaa ya mawe yalikuwa rahisi, na muda si mrefu dunia ikaingia vitani. Alikufa mwaka 1922, na hotuba yake ikabaki karatasini. Nusu karne ilipita tangu kifo chake hata Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, wakatangaza mwaka 1972 kwamba wameyapasua maji kwa mwanga wakitumia madini ya titani, yale yale yanayotiwa katika rangi nyeupe ya nyumba. Lakini madini hayo hunasa sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, ile isiyoonekana kwa macho, na mwingine wote hupotea bure.

Jaribio la bilauri na magadi

Kabla hatujaendelea nataka uyaone maji yakipasuka kwa macho yako mwenyewe. Tafuta bilauri ya kioo, maji, kijiko kidogo cha magadi yale ya kupikia maharagwe, penseli mbili, vipande viwili vya waya, na betri nne za tochi. Chonga kila penseli pande zote mbili. Koroga magadi katika maji. Panga betri zifuatane mstari mmoja kama ndani ya tochi na uzifunge kwa karatasi ngumu. Zungushia waya mmoja kwenye ncha ya juu ya penseli ya kwanza na mwingine kwenye penseli ya pili, kisha gusisha waya mmoja kwenye kichwa cha betri na wa pili kwenye kitako. Ncha za chini za penseli zitie majini bila kugusana.

Tazama sasa. Viputo vidogo vinapanda kutoka kila penseli. Vile vya penseli iliyofungwa kwenye kitako cha betri ni vingi zaidi, kama mara mbili ya vile vingine. Hiyo ndiyo haidrojeni. Viputo vichache ni oksijeni. Maji yanapasuka mbele yako.

Mambo matatu nakuonya. Usitumie chumvi ya mezani badala ya magadi, kwa sababu itatoka hewa yenye harufu kali inayochoma kifua. Usifunike bilauri, wala usilete moto karibu, maana haidrojeni na oksijeni zikichanganyika na kuguswa na cheche hulipuka. Na watoto wasilifanye jaribio hili peke yao.

Halafu jaribu kwa betri moja tu. Hutaona kitu, au utaona kidogo sana. Sababu yake ndiyo kiini cha somo letu. Maji hayakubali kupasuka kwa msukumo mdogo, na betri moja haina msukumo wa kutosha kuyapasua kwa penseli zako. Yataka nguvu za ziada, na nguvu hizo za ziada ni hasara, kama mtu anayesukuma mkokoteni wenye breki. Kinachoweza kulegeza breki hiyo huitwa kichocheo. Mfikirie dalali wa ng'ombe pale mnadani. Hanunui wala hauzi, ng'ombe si wake na fedha si zake, lakini bila yeye biashara ingekwenda mpaka jioni. Kichocheo hufanya hivyo kati ya vitu viwili vya kemia, tena hakidai chochote mwishoni. Ndani ya jani la kijani kimo kichocheo cha namna hiyo, chenye chembe nne za madini ya manganizi na moja ya kalsiamu. Watu walikuwa na vichocheo vyao pia, lakini vilivyo bora vilikuwa vya platini na madini mengine adimu yenye bei kama ya dhahabu, na mara nyingi vilihitaji maji yenye dawa kali ya kuunguza ngozi.

Daniel Nocera na jani lake

Hapa ndipo anapoingia mwanakemia ninayetaka umjue. Daniel Nocera ni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1957, na kwa miaka mingi alifundisha katika chuo cha MIT karibu na Boston. Yeye alishika jambo moja: kichocheo kiwe cha madini ya kawaida, kifanye kazi katika maji ya kawaida. Mwaka 2008 yeye na mwenzake Matthew Kanan walitangaza kwamba wamekipata. Walichukua maji, wakatia ndani yake kobalti na fosfeti (fosfeti unaijua, ndiyo inayotiwa katika mbolea ya kupandia), wakapitisha umeme. Utando mwembamba ukajijenga wenyewe juu ya kipande kile cha umeme, na oksijeni ikaanza kupanda.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba utando ule hujitibu. Kobalti ikimomonyoka na kuingia majini, umeme huirudisha tena mahali pake. Ni kama ukuta wa udongo ambao mvua ikiumomonyoa usiku, asubuhi unaukuta umejikandika. Mimi nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilirudia ukurasa mara mbili.

Mwaka 2011 akaonyesha jani lenyewe. Usifikiri ni kitu cha kijani chenye mishipa. Ni kibamba chembamba cha silikoni, ile ile inayotumika katika sola, chenye ukubwa wa karata ya kuchezea. Upande mmoja umepakwa kichocheo cha kobalti, upande wa pili mchanganyiko wa nikeli, molibdeni na zinki. Hakina waya hata mmoja. Wakitia katika chombo cha maji, wakakiweka juani, na viputo vikapanda pande zote mbili: huku oksijeni, huku haidrojeni. Jua limeingia, na kitu cha kuwaka kimetoka. Jani la kwanza hilo lilishika sehemu mbili na nusu katika mia. Ni kidogo, lakini limekwisha kulipita shamba la mahindi.

Nocera alisema wazi alimtaka nani apate faida. Hakuwataka kwanza matajiri wa kwao wenye stima siku zote. Aliwataka watu wa vijiji vya India na Afrika ambao waya wa umeme haujawafikia. Maji kidogo, jua la mchana, na nyumba ina nguvu zake usiku. Magazeti yaliandika sana habari hizo, na mtu aliyeyasoma angeweza kudhani kwamba baada ya miaka mitano jani lingekuwa likiuzwa madukani karibu na misumari na kamba.

Halikuuzwa. Na sehemu hii naisimulia kwa urefu, kwa sababu mara nyingi tunaletewa habari za uvumbuzi na hatuletewi habari za yaliyofuata.

Kwa nini jani halikufika dukani

Shida ya kwanza ni mahali pa kuiweka haidrojeni. Kitu hiki ni chepesi kupita vyote. Kilo moja ya haidrojeni ina nguvu za kuwaka kuzidi lita tatu za mafuta ya taa, na kuipata unahitaji kilo 9 tu za maji. Ni nzuri mno, sivyo? Lakini kilo hiyo moja, isipogandamizwa, hujaza nafasi ya kama lita 12,000. Hayo ni mapipa 60 ya lita 200. Utayaweka wapi, katika zizi la ng'ombe? Kuigandamiza kunataka mashine na mitungi mizito ya bei kubwa, na tena kuibadilisha iwe umeme kunataka mashine nyingine.

Shida ya pili ni bei. Viwanda vikubwa vya dunia hupata haidrojeni kutoka katika gesi ya ardhini kwa gharama ndogo kuliko jani. Na sola za kawaida, zile za juu ya paa, zilikuwa zikishuka bei mwaka hata mwaka, huku zikigeuza kama sehemu 20 katika mia ya jua kuwa umeme. Mtu aliweza kununua sola yake, akanunua mtambo wa kupasua maji kando, akapata haidrojeni nyingi kuliko ya jani. Kampuni ambayo Nocera aliianzisha, Sun Catalytix, iliacha jani ikageukia betri kubwa za maji ya dawa, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Lockheed Martin.

Wengine wangefunga vitabu. Nocera, ambaye wakati huo alikuwa amehamia chuo kikuu cha Harvard, alirudi kulitazama jani la kweli. Jani la mti halihifadhi haidrojeni hata kidogo. Likiipata tu huiunga na hewa ya ukaa, na sukari inayotoka haihitaji mtungi. Basi akamwendea mtaalamu wa viumbe hai, Pamela Silver, naye wakashirikiana kutafuta kiumbe cha kumaliza kazi hiyo.

Kiumbe waliyemtumia ni bakteria wa udongoni aitwaye Ralstonia eutropha, ambaye chakula chake ni haidrojeni na hewa ya ukaa. Walimtia katika chombo kimoja na vichocheo, wakapitisha umeme kama ule wa sola, maji yakapasuka, bakteria akala. Wakiisha kumbadilisha kidogo mbegu zake za urithi, badala ya kunenepa tu akatoa spiriti, mojawapo ikiwa ile ya kupangusia ngozi kabla ya sindano. Hiyo ni kitu cha majimaji, chawaka, na chawekwa katika chupa kama mafuta ya taa ya mzee wangu.

Mwanzoni bakteria walikufa kwa wingi. Kichocheo cha nikeli kilikuwa kinatoa sumu ya oksijeni iliyowaua, ikabidi umeme uzidishwe ili sumu ipungue, na hasara ikazidi. Wakakibadilisha kichocheo hicho kwa mchanganyiko wa kobalti na fosforasi usio na sumu, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba, ukihesabu pamoja na sola nzuri, mtambo wao huweka akiba kama sehemu 10 katika mia ya jua. Rudi sasa katika hesabu yetu ya mwanzo. Mita moja ya mraba iliyotaka siku 200 kupata nguvu za lita moja, kwa hesabu hii itataka siku 20. Paa la mita 20 za mraba lingetoa nguvu za lita moja kila siku. Nasema lingetoa: mtambo wao ulikuwa wa mezani, katika chupa za maabara, na kuzilisha chupa ni kazi nyingine na kulisha pipa.

Habari za mbolea

Sasa fika karibu, maana hapa somo linaingia shambani kwako kabisa.

Hewa iliyo juu ya eka moja ya shamba, kutoka mchanga mpaka mwisho wa anga, ina zaidi ya tani 30,000 za naitrojeni. Gunia moja la CAN la kilo 50, lenye naitrojeni 26 kwa mia, lina kilo 13. Kwa hiyo mkulima anasimama chini ya mlima wa naitrojeni akipanga foleni ya kununua kilo 13, na mahindi yake yamegeuka manjano kwa njaa ya kitu hicho hicho. Ni kwa sababu naitrojeni ya hewani imeshikana wawili wawili kwa nguvu sana, na mmea hauna meno ya kuitenganisha.

Mjerumani Fritz Haber aliitenganisha mwaka 1909, akaiunga na haidrojeni ikawa amonia. Carl Bosch akaligeuza jambo hilo kuwa kazi ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kilianza huko Oppau mwaka 1913. Mpaka leo mbolea karibu zote za naitrojeni duniani zatengenezwa kwa njia hiyo, kwa joto kubwa na mgandamizo mkubwa. Na haidrojeni hupatikana wapi? Hasa katika gesi ya ardhini, na kwengine katika makaa ya mawe. Ndiyo maana vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari 2022 na bei ya gesi ikapaa Ulaya, gunia la mbolea ya kupandia katika maduka yetu lilipita shilingi 6,000, hata Serikali ikaingilia kati na kutoa mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka huo, na 2,500 mwaka 2023. Wako waliopanda bila mbolea mwaka ule. Niliandika majina yao katika daftari, najua mavuno yao yalikuwaje.

Ikiwa haidrojeni ya mbolea yaweza kutoka katika maji na jua, vita vya mbali havitaigusa bei hiyo kwa namna ile. Nocera na Silver walilifikiria hilo pia. Mwaka 2017, pamoja na wenzao, waliandika habari za bakteria wa pili, Xanthobacter autotrophicus. Huyu naye hula haidrojeni na hewa ya ukaa, lakini pia anaweza kuimeng'enya naitrojeni ya hewani. Wakimlisha haidrojeni iliyotokana na maji, hujiwekea akiba mwilini, kama ng'ombe anayenona kabla ya kiangazi. Kisha hutiwa udongoni, na huko hutumia akiba yake kutengeneza mbolea karibu na mizizi. Walimjaribu kwa figili. Zilizopata bakteria zilikuwa na mizizi minene kuliko zilizonyimwa. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni huko Massachusetts iitwayo Kula Bio, jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa.

Na hapa Kenya lipo jambo la kutazama. Katika shamba la Morendat, karibu na Naivasha, mali ya Kenya Nut Company, mwaka 2023 uliwekwa mtambo unaotengeneza amonia pale pale shambani. Sola hutoa umeme, umeme huyapasua maji, naitrojeni huvutwa hewani, na mtambo ulikusudiwa utoe kama tani moja ya amonia kwa siku. Hautumii jani la Nocera, ni sola na mtambo wa kupasua maji, vile vile vilivyolishinda jani kwa bei. Lakini viputo vile ulivyoviona katika bilauri ya magadi ndivyo hivyo hivyo, ila huko ni vingi mno.

Shamba la namna hiyo ni kubwa, nasi wa skimu tuna eka tano, kumi, na wengine wamekwisha kuwagawia watoto. Ikiwa iko siku mtambo wa namna hii utatufaa, utakuwa wa chama cha ushirika, si wa mtu mmoja. Na mtu akija katika skimu yako akikuuzia "jani la jua" la kutoa mafuta, mwulize anaiweka wapi haidrojeni. Asipokuwa na jibu, mpe maji ya kunywa na umsindikize mpaka barabarani.

Kwa sasa bakteria wa kuimeng'enya naitrojeni unao tayari, tena bure, nao hulishwa na jua kupitia maharagwe. Maharagwe yanapotoa maua, chimbua shina moja polepole kwa jembe, usilivute. Utaona vinundu katika mizizi. Kata kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi, na hapo umwulize afisa wa kilimo habari za dawa ya bakteria ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Ni ya bei ndogo. Ukivuna, usiing'oe mizizi yote na kuipeleka zizini, iache udongoni.

Mzee wangu alirudi baada ya juma mbili kuchukua karatasi zake. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi, nikamfanyia jaribio la bilauri juu ya meza ya ofisi. Aliviangalia viputo kwa muda, akauliza vinatakiwa vingapi kuchemsha chai. Nikachukua kalamu. Birika la lita moja, nikamwambia, pamoja na joto linalopotea jikoni, litataka kama lita 60 za haidrojeni. Hayo ni madebe matatu ya hewa tupu. Akatazama bilauri, akatazama penseli zangu, akaniuliza kama tutafika jioni. Nikamwambia kwa betri nne za tochi hatutafika hata kesho. Akachukua karatasi zake, na alipofika mlangoni akageuka akaomba nimwandikie vizuri lile neno la kinachofanya kazi ya dalali, ampelekee mjukuu wake aliye kidato cha pili. Nikamwandikia: kichocheo.